Avansi ya nyumba ni mali ya nani?

Tuseme katika mji wa Bukavu yuko fundi mmoja wa kujenga. Si mlevi, wala si mvivu. Alianza utotoni kwa kubeba mchanga, akawa mwashi, na mwisho akaanza kuchukua kazi kwa mapatano, yeye na watu sita. Kuta zake zimenyoka. Mwalimu mmoja anamwita, nao wanapatana bei ya nyumba ya vyumba vitatu: dola 5,000, nusu siku ya kuanza, nusu kazi inapofika kwenye mapaa. Kazi inakwenda vizuri. Lakini kabla ya kupiga mabati feza imekwisha. Zinatakiwa dola 600 tena, na mwalimu amekwisha kulipa yote kama walivyopatana.

Siku zile zile anakuja mama mjane na avansi ya nyumba yake, dola 2,500. Fundi anamshukuru Mungu. Anatoa 600 katika feza ya yule mama, ananunua mabati, anamaliza nyumba ya mwalimu. Mwalimu anahamia na watoto wake, jirani wanasifu kazi.

Basi, ndugu msomaji, mtu huyu ameiba, ao hakuiba?

Tukiuliza mafundi, wengi watacheka. Watasema: «Ndivyo tunavyofanya sote. Feza haina jina. Akijenga nyumba ya mama, deni gani tena?» Tukiuliza wenye kujengewa, watasema: «Ni mwizi kabisa.» Sisi tunataka kulichunguza neno hili polepole, maana katika parokia zetu mafundi wa namna hii ni wengi, na wenye kuwakabizi akiba ya miaka kumi ni wengi kuwapita.

Kwanza tufanye hesabu, kwa sababu mara nyingi hesabu inafunua lile ambalo maneno yanalificha. Nyumba ya dola 5,000 ilimgharimu fundi 5,600. Hakubadili bei yake. Anaogopa kazi isichukuliwe na mwingine. Nyumba ya mjane nayo itapungukiwa 600 zake yenyewe, pamoja na zile 600 zilizokwenda kwa mwalimu: jumla 1,200. Zitatoka wapi? Katika avansi ya mtu wa tatu. Nyumba ya tatu itapungukiwa 1,800, zitatoka kwa mtu wa nne. Nyumba ya nne itapungukiwa 2,400, zitatoka kwa mtu wa tano, ambaye katika avansi yake ya 2,500 itabaki 100 tu. Mia moja haichimbi msingi. Siku ile fundi anafunga simu yake, anapanda gari usiku kwenda mji mwingine, na mtu wa tano anabaki na kiwanja chenye majani. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo.

Angalieni vema: fundi hakunywa feza ile, wala hakujinunulia pikipiki. Kila franka iliingia katika nyumba ya mtu. Na hata hivyo mtu wa tano ameibiwa. Ni nani basi aliyekula mali yake? Ni wale wanne wa kwanza, wanaokaa katika nyumba ambazo hawakuzilipia bei yake kamili, bila kujua. Na mwenye kuwagawia mali ya mtu wa tano ni fundi.

Kwa hiyo neno la kwamba feza haina jina si kweli. Noti haina jina, lakini mapatano yana jina. Mtu akikupa mbegu apandiwe shamba lake, ukazipanda kwa jirani, huwezi kujitetea kwamba mbegu zote zinafanana. Avansi si zawadi, wala si mshahara wa kazi iliyokwisha kufanyika. Ni feza iliyokabiziwa kwa ajili ya jambo moja: mawe haya, simenti hii, mikono hii, juu ya kiwanja hiki. Inageuka kuwa ya fundi kadiri kazi inavyoinuka. Msingi ukimalizika, sehemu yake ya msingi ni halali yake. Aile na watoto wake kwa amani. Kabla ya hapo ni mlinzi wa mali ya mwingine. Hata sheria ya Kongo juu ya mapatano, iliyotolewa tangu mwaka 1888, inahesabu mapatano ya haki kuwa sheria kwa wale walioyafanya. Wala sheria si ya kanisani peke yake; hata mpagani anaielewa.

Lakini hapa fundi atatujibu neno zito, na si haki kulipita. Atasema: «Jumamosi imefika. Watu wangu sita wamefanya kazi ya juma zima kwa mwalimu. Mmoja mtoto wake ni mgonjwa. Mwalimu hana kitu tena. Mfukoni mwangu mna feza ya mjane. Mnataka niwaambie waende na njaa?» Neno hili lina nguvu, maana tunajua Mtakatifu Yakobo anavyowakemea matajiri wanaozuia mshahara wa wavunaji, na Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanya kazi, aliweka mshahara wa haki kati ya mambo ambayo tajiri hana ruhusa ya kuyachezea.

Tunajibu hivi. Haki ya mfanya kazi ni ya kweli, nayo haingoji. Lakini ni deni la fundi, si deni la mjane. Mama yule hakuwaita watu wale, wala nyumba yao haikujengwa kwake. Kuwalipa kwa mali yake ni kutenda haki kwa mkono mmoja na kuivunja kwa mkono wa pili. Fundi na aangalie kwanza mali yake mwenyewe: redio, baisikeli, faida ya kazi iliyopita, hata kiwanja chake. Na kama hana kabisa, njia moja ingalipo: aende kwa mjane kabla ya kugusa, amwambie ukweli wote, amwombe mkopo wa siku kadhaa, mbele ya shahidi. Mama akikubali, ni mkopo. Akikataa, ni haki yake. Feza ni ile ile na haja ni ile ile, lakini mwenye mali ameulizwa. Tofauti ya mkopaji na mwizi iko hapo. Fundi anaona haya kuuliza. Haya hiyo ndiyo inayomfikisha, bila yeye kutaka, kwenye gari la usiku.

Tena tutazame zaidi nyuma. Kosa halikuanza Jumamosi ile. Lilianza siku ya kutaja bei. Fundi alihesabu matofali, simenti, mbao, mabati na misumari. Hakuhesabu watu wanaopandisha mchanga mlimani kwa migongo yao, na Bukavu ni mji wa milima. Hakuhesabu maji ya kununua. Hakuhesabu siku za mvua, wakati mvua zetu zinaanza Septemba na kukaa karibu mpaka Mei. Hakuhesabu jembe linalovunjika, wala simenti inayopanda bei katikati ya kazi, wala mshahara wake mwenyewe. Alitaja bei ndogo ili apendwe. Wengi wanafikiri bei ndogo ni wema. Bei ndogo yenye kweli ni wema. Bei ndogo ambayo mwenye kuitaja hawezi kuishika ni uongo, hata kama aliitaja akitabasamu. Bwana Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka, anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara na kuketi kwanza kuhesabu gharama. Mafundi wangekuwa wa kwanza kuuelewa.

Na bei ya uongo inazaa uongo mwingine. Asiyegusa feza ya jirani atapunguza simenti. Kwa nguzo, mafundi wanajua kipimo cha kawaida: sehemu moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za changarawe. Ukitia mchanga mara nne, macho ya mwenye nyumba hayataona kitu. Rangi ni ile ile. Tena nguzo inataka kunyweshwa maji siku saba angalau, na nguvu yake inapimwa siku ya 28. Lakini mwenye haraka ya kufikia avansi nyingine anapandisha mzigo siku ya tatu. Tarehe 3 Februari 2008 nchi ilitetemeka huku kwetu, Bukavu na ng'ambo katika Rwanda, watu wakafa na nyumba nyingi zikapasuka. Hatusemi kwamba kila ukuta ulioanguka ulijengwa kwa hila. Tetemeko linaangusha hata kazi ya watu waaminifu. Tunasema tu kwamba ardhi yetu inakagua kazi bila kutoa habari mbele, na deni la simenti linaweza kulipwa na mtoto aliyelala.

Tusiwaache pembeni wenye kujengewa. Yuko bwana anayebishana bei mpaka anajua moyoni kwamba haiwezekani, kisha anakubali kwa furaha. Yuko mwingine anayesema «njoo juma lijalo» miezi mitatu, na nyumba imekwisha. Mtu huyo ndiye anayemsukuma fundi kwenye mfuko wa mjane. Hata sisi, tukijenga shule ao kanisa la mtaa, tusifikiri kwamba kazi ya Mungu inaweza kungoja malipo. Watoto wa mwashi wanakula kila siku, hata kama baba anajenga sakristia.

Basi fundi anayetaka kazi yake idumu afanye nini? Mambo machache. Kila nyumba iwe na daftari yake na mfuko wake, maana mali bila daftari huisha bila habari. Mapatano yaandikwe karatasi mbili, zitiwe sahihi na pande zote mbili pamoja na shahidi, nayo yaseme nani atabeba hasara kama simenti ikipanda bei. Asichukue nusu nzima siku ya kwanza. Wagawe kazi kwa hatua: msingi, kuta, mapaa, malizio, na kila hatua ilipiwe inapoanza. Hivyo hata akikosea, atakosea kidogo, na mapema. Mshahara wake mwenyewe auandike kama wa mtu mwingine, asichote mfukoni kila anapotaka. Katika faida aweke sehemu kwa siku ya hasara. Na ajifunze kukataa kazi. Fundi aliyekataa nyumba ya bei isiyowezekana amepoteza mapatano moja. Aliyeikubali amepoteza tano.

Na yule ambaye amekwisha kuingia katika shimo? Hatumwambii kwamba padri akimsikiliza, deni limefutika. Mungu anasamehe zambi. Dola 2,400 zinabaki za mtu wa tano. Arudi. Asimame mbele yake, ataje hesabu yote, aseme ni kiasi gani ataweza kila mwezi, na kama hana feza, ana mikono: achimbe msingi, ainue ukuta mmoja, kisha mwingine, hata kama itachukua misimu miwili ya jua. Watu watamsema sokoni. Lakini tunawajua watu wetu: wanamsahau upesi fundi mwenye maneno matamu, na wanamtuma hata mgeni kwa yule aliyerudi kulipa.