Baiskeli Mbili katika Njia ya Pugu

Naomba leo tufikirie swali moja. Mtu aendaye msituni kutafuta utulivu, je, ana haki ya kumlaumu yule aendaye msituni kutafuta riziki?

Nina Pugu mawazoni. Anayetoka mjini Dar es Salaam kwa baiskeli hufuata Barabara ya Nyerere, ambayo sisi wazee tuliizoea kwa jina la Barabara ya Pugu. Hupita uwanja wa ndege, kisha Gongo la Mboto, hata afike Pugu Kajiungeni. Hapo hushika njia ya Kisarawe, na mlima huanza. Asiye na miguu ya ujana kama mimi hushuka akasukuma. Baada ya muda honi hubaki nyuma, miti husimama pande zote, na mtu huweza kusikia mnyororo wa baiskeli yake na ndege walio juu yake. Ng'ambo kidogo ni Minaki, ambako misheni ya UMCA ilihamishia Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, katika miaka ya 1920.

Msitu huu ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na umo mimea iliyo adimu sana duniani. Serikali imeufanya hifadhi ya mazingira asilia pamoja na jirani yake Kazimzumbwi. Tena katika vilima hivyo Mto Msimbazi huanza safari yake ya kuukatiza mji hadi baharini. Miti ikikatwa kilimani, maji ya mvua hayana cha kuyazuia. Huteremka kwa kasi pamoja na tope. Mafuriko ya Jangwani yana sababu nyingine pia, kama kujenga mabondeni na kutupa taka mtoni, lakini kilima kilicho uchi huyaongezea nguvu.

Sasa, katika njia hiyohiyo hupita baiskeli mbili. Moja inapanda, na mwenyewe hakubeba kitu ila chupa ya maji. Nyingine inateremka, imefungwa magunia ya mkaa kwenye keria hata anayeiendesha haonekani kwa nyuma. Siku hizi wengi wao wamehamia pikipiki, lakini mzigo ni uleule. Wengine wameutoa mbali, vijijini, kwa kibali; wengine wameuchoma kwa kujificha ndani ya hifadhi.

Wapo wasemao kwamba wa kwanza hana hatia, maana hakuchukua kitu. Mimi sikubali. Huyo jioni atarudi nyumbani, na maharage yake yatachemkia juu ya nini? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, nao wote hula. Tumezoea kusema kwamba mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Hapa pia mkataji ni mmoja, wapishi ni wengi, na mkataji asingenoa shoka kama wapishi wasingemngoja.

Wengine husema umaskini humwondolea mchoma mkaa lawama yote. Hilo nalo silikubali. Katika tanuri la udongo, kilo kumi za kuni mara nyingi hutoa kilo mbili tu za mkaa, au pungufu; nyingine zote zimekwenda na moshi. Mti uliokua kwa miaka hamsini huisha kwa wiki chache. Na maji yakishuka, huingia kwanza katika nyumba za maskini wenzake walioko bondeni. Njaa yake ni ya kweli, na hasara yao ni ya kweli.

Mimi naona lawama ipimwe kwa uwezo wa kuchagua. Mwenye kuchagua zaidi achukue sehemu kubwa zaidi. Mchoma mkaa ana machache ya kuchagua. Mama lishe anunuaye kopo moja la mkaa kila asubuhi hana fedha ya kujaza mtungi wa gesi kwa mkupuo mmoja. Lakini yule mwenye mshahara au pensheni, mwenye mtungi uliokaa pembeni kwa sababu "ubwabwa wa mkaa ni mtamu", huyo hana udhuru. Na ikiwa pia hupenda kwenda Pugu kupumzika, deni lake ni mara mbili, kwa kuwa anaijua thamani ya kile kinachoungua jikoni mwake.

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Hilo ni jambo jema, lakini mkakati haufuniki sufuria. Sisi tunaweza kuloweka maharage tangu usiku, kufunika sufuria, kununua jiko banifu, kumsaidia jirani ajaze mtungi wake wa kwanza, na kulipa kiingilio cha msitu bila manung'uniko.

Tukikutana na baiskeli ya magunia njiani, tuipishe, kwa maana ina mzigo mzito na breki zake ni mbovu. Kisha tukifika nyumbani tuzungumze na watu wetu, na mazungumzo yaanzie jikoni.