Hodi kwa Nahodha



Mwaka 1969 Mwingereza Robin Knox-Johnston alikamilisha safari ya kuizunguka dunia kwa mashua ya matanga, peke yake, bila kupumzika bandari yoyote. Alikaa baharini siku 312. Mtu huyo huyo aliyeweza peke yake ndiye aliyeanzisha mashindano ya mashua za matanga ya Clipper, yaliyofanyika mara ya kwanza mwaka 1996, ili wasio mabaharia nao waionje bahari.

Nafasi katika mashindano hayo huombwa na walimu, huombwa na wauguzi. Gharama wanalipa wenyewe, na si ndogo. Lakini hakuna anayekataliwa kwa sababu hajawahi kushika kamba ya tanga. Anahojiwa, anapitia hatua nne za mafunzo ya lazima, kisha anapangiwa zamu: leo kupika, kesho kukesha sitahani huku wenzake wamelala wakimtegemea.

Sisi wa Tarime na Serengeti bahari iko mbali. Mto Mara unaishia Ziwa Victoria. Hata hivyo, ugonjwa wa kusema "sina uzoefu" tunaujua. Kijana anaiacha fomu ya chuo cha ufundi cha VETA; mama anasita kujiunga na kikundi cha kuweka akiba. Kila mmoja anangoja ajue kwanza, ndipo aombe. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele.

Kubali kufundishwa, kubali zamu yako. Na wewe uliyekwisha kufika, wafungulie wengine mlango. Fomu ijazwe leo.