Sarai Mpakani mwa Misri

Masomo: Mwanzo 12:10–20, Luka 17:11–19



Twataka kunena nanyi habari ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo sasa limefika hata vijijini mwetu. Binti ameolewa, au kijana ameoa. Mwenzi wake yuko Marekani au Uingereza. Na mlango wa kumfikia haufunguliwi na cheti cha ndoa peke yake. Imempasa kupanda basi la Dar es Salaam, wa Korogwe kwa njia ya Segera, wa Handeni kwa njia ya Mkata. Huko daktari ataukagua mwili wake. Na kama aendako ni Marekani, ataketi pia mbele ya afisa wa ubalozi aulizwe habari za ndoa yake. Kabla ya kuondoka wengi hutujia wakiomba sala, nasi twafurahi kuwaombea. Walakini wako waombao na jambo la pili: cheti kiandikwe tarehe ya nyuma, au jina la fulani liongezwe, au wafundishwe la kujibu. Kwa ajili ya hilo la pili twaandika.

Someni tena Mwanzo mlango wa 12. Palikuwa na njaa katika Kanaani, Abramu akashuka kwenda Misri, na alipoukaribia mpaka hofu ikamshika. Akamshauri mkewe ajiite dada yake. Sisi tulio wachungaji huharakisha kumtetea baba huyu wa imani: twasema Sarai alikuwa dada yake kweli kwa upande wa baba, kama isomekavyo katika mlango wa 20. Ndivyo ilivyo. Walakini nusu ya kweli iliyonenwa ili kuificha nusu ya pili ni uongo mzima. Na tazameni ni nani aliyeulipa. Shauri lilikuwa la Abramu. Aliyechukuliwa nyumbani mwa Farao ni Sarai. Abramu alibaki nje, akipewa kondoo na ng'ombe na punda.

Ndivyo ilivyo hata leo. Washauri ni wengi: mjomba, jirani, dalali wa mjini auzaye majibu kwa fedha. Hakuna hata mmoja wao atakayeketi katika kiti kile. Ataketi binti peke yake, naye ataulizwa mambo madogo madogo: mlikutana wapi, nani alileta posa, nani walikuwapo siku ya arusi, mumeo anafanya kazi gani, aliwahi kuwa na mke mwingine. Mwenye ndoa ya kweli aweza kusahau tarehe, na kusahau si dhambi. Na aseme tu kwamba hakumbuki. Aliyefundishwa majibu hathubutu kusahau, na hapo ndipo anaswapo. Sheria ya Marekani ni kali kwa jambo hili: mtu akibainika kuwa alifunga ndoa ya hila ili apate ukaazi, ombi la mwenzi litakaloletwa kwa ajili yake baadaye hukataliwa, hata ikiwa ndoa hiyo ya pili ni ya haki kabisa. Wakati huo dalali amekwisha kula fedha zake.

Wengine hunung'unika ya kuwa maswali kama hayo ni kuidharau ndoa takatifu. Sisi hatuoni hivyo. Serikali haikupewa macho ya kuuona moyo. Yaona karatasi, picha, na risiti za fedha zilizotumwa nyumbani.

Daktari huwatia watu hofu kuliko afisa. Kifua hupigwa picha. Kwa waendao Marekani damu hupimwa kaswende, na chanjo hutazamwa. Uingereza nayo hutaka cheti cha kifua kikuu kwa watokao nchi yetu kwenda kukaa zaidi ya miezi 6. Picha ikileta shaka, makohozi huchukuliwa na kuoteshwa maabarani, na majibu yaweza kukaa majuma 8. Tumesikia watu wakishauriwa kunywa dawa ya kikohozi na kunyamaza. Shauri la Abramu hilo! Kifua kikuu hutibika, kwa kawaida kwa miezi 6, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali zetu. Aliyekwisha kupona aweza kuomba tena. Bali afichaye ataupeleka ugonjwa kwa yule yule ampendaye, walale chumba kimoja. Wako pia wadhanio hata leo kwamba mwenye virusi vya UKIMWI hawezi kuingia Marekani. Hiyo ilikuwa sheria tangu 1987, nayo ilifutwa Januari 2010. Afisa hatamzuia kwa hilo. Walakini mwenzi wake na ajue, tena ajue kabla ya afisa.

Wale kumi wenye ukoma Bwana aliwatuma kwenda kujionyesha kwa makuhani. Kuhani hakuponya, kazi yake kwa Torati ilikuwa kutazama na kutamka aliloliona. Bwana hakuidharau kazi hiyo. Nao walishika njia wakiwa bado na ukoma, wasifunike vidonda vyao kwa nguo, wakatakasika wakiwa njiani.

Sisi wa Handeni tuna mfano wa karibu zaidi. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa kwa bahari hata Somalia, wakauzwa utumwani. Wazao wao wakakaa kando ya mto Juba, wakiishika lugha ya mababu. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991 wakakimbia. Wako waliofika Tanga, wakawekwa Mkuyu, kisha Chogo, humu humu wilayani Handeni. Nao walipofungua vinywa vyao, wenyeji wakasikia Kizigua. Wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Ndugu zao waliokimbilia Kenya walihamishwa mwaka 2002 kutoka Dadaab hata Kakuma, wakahojiwa na kupimwa miili, na tangu 2003 wapata 12,000 walichukuliwa kwenda Marekani. Hao mezani waliulizwa swali zito kuliko la tarehe ya arusi. Mwenye wake wawili hakuruhusiwa kuingia nao wote. Ilimpasa kumshika mmoja na kumwacha mwingine, naye aliyeachwa akaandikwa peke yake pamoja na watoto wake. Hapo jaribu la Abramu lasimama wazi, kumwita mke dada. Tusiharakishe kuwahukumu waliopitishwa katika tanuru hilo, sisi tulio na shamba na nyumba.

Na sasa neno kwenu wainjilisti, maana kalamu iko mikononi mwenu. Kitabu cha ndoa cha usharika ni shahidi. Mkiandika tarehe isiyo ya kweli kwa kumhurumia mtu mmoja, mmewatilia shaka wote walioandikwa juu yake na chini yake katika ukurasa ule. Aliyeoana kwa mila asiandikishe, mwelekezeni kwa msajili wa wilaya chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, akaandikishe ndoa yake kwa siku ile ile aliyooana. Aliyemlea mtoto wa marehemu dada yake aseme tangu ukurasa wa kwanza kwamba hakumzaa, amemlea. Lugha yetu humwita mwana, nasi twapenda hivyo. Walakini karatasi za ubalozi zauliza jambo jingine.

Tena asiende peke yake. Mzee mmoja au mama mmoja wa usharika amsindikize hata Dar es Salaam, angoje nje ya lango. Na ikiwa amerudi na jibu la kungoja makohozi, majuma 8 ni marefu. Akina mama wamtembelee, wala asiulizwe kila Jumapili mlangoni mwa kanisa kama amekwisha kupata viza.