JE, MUNGU ANATAKA PESA YAKO YA SALFA?



Mpendwa msomaji, karatasi hii umepewa bure hapa uwanjani. Tafadhali usiifungie karanga kabla hujaisoma mpaka mwisho.

Nataka nikuulize swali ambalo limenisumbua mimi mwenyewe miaka mingi. Kama Mungu wetu ni tajiri, na sisi tuliookoka ni watoto wake, kwa nini wapendwa wa Marambo, na Nachingwea yote, na Ruangwa, wanaingia porini kutafuta cha kula ikifika mwezi wa pili? Je, ni imani ndogo? Ni dhambi iliyofichwa? Ni laana ya mababu? Ni roho ya umaskini?

Zamani nilikuwa na jibu, tena jibu la haraka. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, halafu nikaenda kozi ya Biblia, nikatoka huko moto kweli kweli. Nilihubiri hivi: umaskini ni pepo, na dawa ya pepo huyo ni mbegu. Toa mpaka uumie, Mungu atakurudishia mara mia! Watu walipiga vigelegele. Vikapu vilijaa. Nami nikaona kwamba Bwana anafanya kazi.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mwaka 2016, mwezi wa sita, tulifanya mkutano wa Injili katika kijiji kimoja cha huku kwetu. Siku ya mwisho nikaita mbegu. Akaja mbele mama mmoja mjane, pesa amezifunga kwenye pindo la khanga. Akafungua fundo taratibu, akazihesabu, akaziweka zote kwenye kikapu. Nikamwekea mikono, nikatamka mavuno mara mia. Kesho yake asubuhi nikapanda pikipiki, nikaenda zangu.

Ile ilikuwa pesa ya salfa.

Wewe mkulima wa korosho sina haja ya kukueleza, lakini labda karatasi hii itafika kwa mtu wa mjini. Mkorosho unapoanza kutoa majani machanga na maua, ugonjwa wa ubwiriunga unaingia. Maua yanakuwa kama yamemwagiwa unga, halafu yananyauka yanakuwa meusi. Dawa yake ni salfa, na hupulizii mara moja tu, unarudia rudia wakati wote wa maua. Ukikosa salfa mwezi wa sita na wa saba, mwezi wa kumi huna kitu. Huwezi kuirudia kesho. Umeshapoteza mwaka mzima.

Mwezi wa kumi na moja nikapita tena kijiji kile. Majirani wanapeleka magunia ghalani kwenye chama cha msingi, yeye anaokota za kujaza debe mbili tu. Nikasimama pale uani na Biblia yangu kwapani. Mama yule hakunilaumu hata kidogo. Laiti angenilaumu! Alinikaribisha kigoda akasema, "Mwanangu mwinjilisti, niombee. Nafikiri nilitoa bila imani, ndiyo maana Mungu hakupokea."

Ndugu yangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nilichukua pesa yake, na sasa nilikuwa nimechukua na amani yake mbele za Mungu. Alikuwa anajihukumu usiku, anatafuta dhambi ambayo haipo, wakati mwenye dhambi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anakunywa chai yake.

Siku ile niliondoka sijaomba. Sikuwa na maneno. Nikaanza kusoma Biblia upya kama mtu ambaye hajawahi kuisoma.

Fungua 2 Wafalme sura ya 4, mistari saba ya kwanza. Pale kuna mjane analia kwa Elisha. Mume wake amekufa, ameacha deni, na mwenye deni anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Nilikuwa nimehubiri habari hiyo mara nyingi, lakini jambo moja nililiruka kila mara: marehemu huyo alikuwa mmoja wa wana wa manabii, tena mjane anamshuhudia kuwa alikuwa mcha Mungu. Mcha Mungu, na alikufa na deni! Elisha hakusema, "Huyo alikuwa na laana." Hakusema, "Lete kwanza mbegu tuvunje roho ya madeni." Alimwuliza ana nini nyumbani. Akasema ana chupa ya mafuta. Akamtuma akaazime vyombo kwa majirani, vingi. Mafuta yakamiminika, akamwambia auze, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki.

Tazama pia Elisha alichukua kiasi gani. Hakuna! Hata fungu la kumi la yale mafuta halikutajwa. Kugusa pesa ya muujiza kunakuja sura ya 5, na aliyegusa ni Gehazi. Unajua kilichompata.

Na wale majirani walioazimisha vyombo? Biblia haisemi kama walikuwa wanasali mahali pamoja na yule mama. Walikuwa na vyombo vitupu, wakatoa. Huku kwetu majirani zetu wengi ni Waislamu, na mashine ya kupulizia salfa ambayo kanisa letu lilianza nayo tuliazimwa na mzee mmoja Mwislamu, hakutaka hata senti. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini najua kuna mhubiri atanijibu, "Wewe umesahau 1 Wafalme 17! Eliya alimwomba mjane wa Sarepta unga wa mwisho, na yule mama akabarikiwa." Sikusahau. Huo ndio mstari niliokuwa nautumia mimi! Sasa soma mpaka mwisho wa sura. Eliya aliomba mkate wake kwanza, ni kweli. Halafu AKAKAA. Alikaa nyumba ile ile, katika ukame ule ule, akala kutoka pipa lile lile la unga. Kama pipa lingekauka, lingekauka na yeye yumo. Mtoto alipokufa, alikuwepo chumba cha juu, analia kwa Mungu. Mimi niliomba unga wa mwisho nikapanda pikipiki. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya nabii na mwizi, na ni ndogo sana mtu akitazama siku ya mkutano. Inaonekana mwezi wa pili.

Basi turudi kwenye swali letu. Kwa nini wapendwa ni maskini?

Wako walio maskini kwa kunywa uraka na gongo, na kwa kumaliza pesa yote ya korosho kwenye ngoma za unyago na jando mpaka gunia la mwisho. Hilo tunalijua, tunalihubiri kila siku, siongezi. Lakini hebu tukumbuke mbaazi. Watu wa Kusini walikuwa wamepanda mbaazi nyingi kwa sababu soko la India lilikuwa zuri. Mwaka 2017, mwezi wa nane, serikali ya India ikaweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje, kwa sababu wakulima wao walikuwa wamevuna nyingi mno. Bei huku ikaanguka vibaya, wengine wakaziacha zikaukie shambani. Sasa niambie, yule mpendwa aliyefunga na kuomba, akapalilia vizuri, akavuna, akakosa wa kununua, dhambi yake ni ipi? Utakemea pepo gani? Uamuzi umetoka ng'ambo ya bahari, wewe unamtafutia bibi yake uchawi!

Wengine wanasema, tungepata wafadhili tu, umaskini ungeisha. Wazee wa Nachingwea wanacheka wakisikia hivyo. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule Mpango wa Karanga, Kongwa, Urambo na hapa hapa Nachingwea. Matrekta, reli mpya, bandari ya Mtwara. Walitumia karibu pauni milioni 36, na mwaka 1951 serikali yao ikautangaza kuwa umeshindikana. Karanga zenyewe hazikuonekana za maana. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Hawakukosa pesa hata kidogo. Waliingia bila kuujua udongo na mvua zake, wakapasua miti kwa haraka.

Na kuna umaskini mwingine ambao unaletwa na sisi kwa sisi, na hapa nitawaudhi watu. Kuna KANGOMBA. Mwezi wa pili na wa tatu, ghala la nyumbani likiwa tupu, mtu anakuja na unga au pesa kidogo. Anakopesha. Malipo yake ni korosho ambazo bado hata hazijatoa maua, kwa bei ya kutupa, anapima kwa kopo lake mwenyewe. Serikali imekataza. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likazisomba, walihakiki mashamba wakitafuta wenye kangomba. Lakini bado ipo. Na nisikufiche, mpendwa, baadhi ya wanaofanya kangomba wanakaa viti vya mbele kanisani. Wanaleta fungu la kumi. Mchungaji analipokea kwa haleluya. Soma Yakobo 5:4 uone kilio cha nani kinafika masikioni mwa Bwana. Yule mwenye deni wa 2 Wafalme 4, aliyekuja kuchukua watoto, alikuwa nani? Mpagani? Huenda alikuwa Mwisraeli mwenzao!

Hivi tukikusanyika kukesha tukikemea roho ya umaskini, na huyo yupo anakemea pamoja nasi kwa sauti kubwa kuliko wote, tunakemea nini?

Sasa usinielewe vibaya ukasema mwinjilisti huyu ameacha kuomba. La! Naomba kuliko zamani. Lakini nimejifunza kwamba maombi ya kweli yanafungua macho. Kule Zimbabwe alikuwepo mkulima mmoja, Brian Oldreive, alilima tumbaku. Alipookoka akaona hawezi kuendelea nayo, akaacha, akalima mahindi, akashindwa, akakaribia kufilisika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa anamlilia Mungu amfundishe kulima. Akaingia msituni, akaona jambo ambalo mimi na wewe tunalikanyaga kila siku: msituni hakuna plau, na majani yaliyoanguka yamefunika ardhi kama blanketi, chini yake kuna unyevu. Akaanza na hekta 2 bila kulima kwa plau, ameacha mabua yafunike udongo. Likastawi, likaongezeka, na mafundisho hayo yakaenea kwenye makanisa ya nchi nyingi za Afrika. Sisi huku tunachoma! Kila mwaka moto, halafu tunaomba mvua.

Uganda nako, huko Teso, watu waliporwa ng'ombe karibu wote na wavamizi wa kutoka Karamoja mwishoni mwa miaka ya 1980. Vita juu yake. Mwaka 2003 waasi wa LRA wakaingia, watu wakakimbilia makambini. Makanisa ya Pentecostal Assemblies of God ya huko Soroti, wapendwa kama sisi, wananena kwa lugha kama sisi, walipoanza upya walikaa chini na Biblia kijiji kwa kijiji, wakisaidiwa na shirika la Tearfund la Uingereza, na swali lilikuwa lile lile la Elisha: mna nini? Wakahesabu ardhi, watu, ujuzi, hata miti. Wakaunda vikundi vya kuweka akiba. Hawakuacha kufunga na kuomba, ila walipotoka kwenye maombi kila mtu alijua kesho anakwenda kufanya nini.

Kwetu tumeanza kidogo tu. Kanisa ni la nyasi, hatujafika hata watu arobaini. Tuna sanduku la akiba lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, mimi simo. Pesa ya salfa inawekwa humo korosho zikiuzwa, na haiguswi na mtu yeyote, hata mgeni wa kutoka Dar es Salaam akija na upako wa namna gani. Mwezi wa pili mwenye njaa anakopa unga kwenye kundi, anarudisha unga. Mmoja wetu aliyekuwa anafanya kangomba alisimama mbele akatubu, akarudisha magunia mawili. Mmoja mwingine alihama kanisa. Wachungaji wenzangu wananiuliza, sasa wewe utakula nini? Ninakula mihogo, kama wao.

Na yule mama? Mwaka 2017 nilirudi, nikakaa kwake wiki tatu. Nilikopa kwa ndugu zangu nikanunua salfa, nikapulizia mikorosho yake mwenyewe, nikala alichokula. Usiku wa kwanza nilipiga magoti nikamwambia, "Mama, Mungu hakukataa sadaka yako. Mimi ndiye niliyeiba." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Basi mwanangu, kesho uamke mapema, salfa inataka umande."

Mpendwa, kama hujamjua Yesu, mwite hapo hapo uliposimama, anasikia, wala hahitaji pesa yako. Tubu dhambi zako, mwambie aingie maishani mwako, halafu njoo utuambie tukuombee. Lakini kama umeokoka, na nyumbani kwako kuna daftari lenye majina ya watu na korosho zao za mwaka kesho, usije mbele leo. Nenda nyumbani kwanza, kalichane, uwaambie wenyewe. Sisi tutakuwa hapa uwanjani mpaka Jumapili.