Tarehe ya Ndoa Yenu ni Ipi?

Katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, wakimbizi wengi wameandikwa kuwa walizaliwa 1 Januari. Siku yenyewe haikujulikana, karani akajaza hiyo. Nasi Waturkana, wazee wetu walihesabu miaka kwa ukame na mvua.

Basi mume akisahau tarehe ya ndoa, je, upendo umepoa? Si lazima. Mifugo ya mahari ilitolewa kidogo kidogo, baraka ya padre ikaja baadaye. Siku ipi ndiyo yenyewe? Hata hivyo mke anayeikumbuka peke yake huumia. Bwana, muulize yeye huishika siku gani, nanyi muiadhimishe hiyo. Kama naye hakumbuki, chukueni 1 Januari, Sherehe ya Maria Mama wa Mungu. Tangu 1968 Kanisa huombea amani siku hiyo, na nyumbani pia inahitajika.