Watoto Wetu na Kalamu



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake.

Jambo tutakalo kulikumbusha leo ni dogo machoni pa watu, lakini matokeo yake ni makubwa. Twawapeleka watoto wetu shuleni na chuoni, twawalipia ada na kuwanunulia madaftari. Kisha wakirudi nyumbani, kalamu hulala mkobani mpaka kesho yake. Mtoto hunakili yaliyo ubaoni, nasi twadhani ajua kuandika. Mwambieni amwandikie bibi yake waraka wa mistari mitano, mtamwona aitafuna kalamu. Kunakili si kuandika. Kuandika ni mtu kulitoa neno lililo moyoni mwake, akamfikishia asiyekuwapo, naye akalifahamu.

Je, hili ni jambo la dunia tu? Wahyi wa kwanza ulioteremka ulitaja kalamu, na sura ya 68 ya Qur'ani imeitwa kwa jina lake. Aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni, nayo yataka mwandishi mwadilifu. Nasi twafanyaje? Ni nyumba ngapi katika miji yetu zimeingia fitina kwa sababu marehemu hakuandika? Huyu adai alimkopesha; yule adai alipewa shamba kwa mdomo; na mashahidi wamekwisha kufa. Ndugu wa tumbo moja hawapeani salamu. Mwandishi mwadilifu hazaliwi siku ya deni. Hulelewa tangu udogoni.

Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624), mateka wasiokuwa na mali lakini wajuao kuandika waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto wa Madina. Tazameni thamani ya kalamu: uhuru wa mtu ulilipwa kwa hati za watoto! Na Zaid bin Thabit alikuwa na umri wa miaka 11 hivi Mtume alipohamia Madina. Kijana huyo akawa mwandishi wa wahyi, na Sayyidna Abubakar akamkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani.

Wala tusiende mbali. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Mama amekufa, nasaha zake zingali zasomwa. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotaka kuwazindua watu wa Mombasa, alishika kalamu akatoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Basi asiseme mtu kwamba kuandika si kazi ya wanawake, wala si desturi yetu.

Twawanasihi wazazi hivi. Baina ya Magharibi na Isha, simu zikiwekwa kando, mtoto na apewe robo saa ya kuandika kila siku. Kidogo kidumucho ni bora kuliko kingi cha siku moja. Na aandike lenye kazi: leo vitu vya kununua dukani, kesho waraka kwa ami yake aliye safarini, kesho kutwa kisa alichosimuliwa na babu yake. Wasichana wapewe sawa na wavulana. Akikosea, msimcheke wala msimpige. Msifuni kwa alilopata, kisha msahihisheni kosa moja tu. Mtoto anayechekwa huichukia kalamu, na aichukiaye udogoni ni tabu kuirudia ukubwani.

Mama asiyejua kusoma asijitoe katika jambo hili. Na amwambie mwanawe amsomee alichoandika, amsikilize mpaka mwisho, na pasipofahamika amwulize, "Hapa wakusudia nini, mwanangu?" Swali hilo moja lina mafunzo mengi.

Urithi wa mali hugawanywa ukaisha. Urithi wa kalamu kila ukigawanywa huzidi. Tuanze usiku huu, tusingoje muhula mwingine.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na watoto wetu katika elimu yenye manufaa. Amin.