Gari Likinyamaza

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Gari lililokwisha kutembea miaka kumi katika barabara za Japani, likishushwa bandarini Dar es Salaam na kufika hapa Songea, huitwa jipya, na kwa aliyelinunua ni jipya kweli. Majirani hulizunguka, vijana huchungulia usukani, na swali huwa moja: gari hili likoje? Ni swali la kawaida. Lakini naomba, ndugu msomaji, tulitazame kwa makini, kwa sababu ndani yake mna swali jingine lililo gumu zaidi: gari zuri ni zuri kwa nani?

Nitachukua mfano wa gari moja ambalo sisi wa Majengo tunalifahamu vizuri, yaani Toyota Mark X. Gari hili ni mrithi wa Mark II, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1968 na ambayo nayo ilikuwa fahari ya mitaa yetu kwa miaka mingi. Mark X ilitokea mwaka 2004, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 2019. Si gari dogo wala si kubwa. Ni gari la kutembelea la kiasi cha kati, lililokusudiwa mtu mwenye nafasi yake.

Tulipime kwa haki. Katika toleo la kwanza, injini ya lita 2.5 ina silinda sita na nguvu za farasi 215 hivi, na ile ya lita 3.0 ina zaidi ya 250. Katika magari mengi ya aina hii nguvu hizo hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo gari husukumwa badala ya kuvutwa, na magurudumu ya mbele hubaki na kazi ya kuongoza tu. Ndiyo maana usukani wake umetulia mkononi. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni meta 2.85, na urefu huo hulifanya gari lisirukeruke likipita penye mawimbi ya barabara. Viti vinampokea mtu mzima bila kumbana. Ukifunga mlango, kelele za mtaani hubaki nje.

Kasoro zake nazo tuziseme. Tumbo lake liko karibu na ardhi. Katika barabara ya lami ya kwenda Njombe linateleza kama mtumbwi ziwani, lakini likiingia njia ya udongo mwekundu wakati wa mvua, hupita kwa kunyatia kama paka asiyetaka kulowa. Magurudumu ya nyuma yakikosa mshiko kwenye tope, mkia huanza kwenda njia yake. Na silinda sita hunywa mafuta kwa kiu ya silinda sita.

Hayo ndiyo ambayo wengi wetu hutaka kuyajua, na tukishayajua tunaridhika. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza. Maana tumetamka neno starehe bila kuuliza ni kitu gani.

Ukiichunguza starehe ya gari utaona kwamba aghalabu ni kuzuiwa kwa habari. Shokapu huzuia habari za mashimo. Mipira ya milangoni huzuia habari za upepo. Kioo kilichofungwa na kiyoyozi huzuia habari za vumbi na jua. Fundi mkuu anayebuni gari la starehe kazi yake ni kuhakikisha kwamba dunia haimfikii aliyeketi ndani, na kadiri anavyofaulu ndivyo tunavyomsifu.

Katika mkweche mambo ni kinyume. Huko dunia yote humfikia dereva. Akifika kilometa 80 kwa saa milango hugonga, usukani hucheza, upepo hupiga mluzi penye ufa, na mwili mzima humwambia kwamba sasa anakwenda kasi. Mkweche ni mwalimu mkali asiye na adabu, lakini ni mwalimu. Humwambia dereva wake apunguze kabla trafiki hajamsimamisha.

Nilipata kusafiri kwenda Njombe katika gari zuri la namna hii, pamoja na mwenye gari na mama yake mzazi aliyeketi nyuma. Kabla hatujafika kwenye kona za Lukumburu, yule mama akasema kwa upole, "Mwanangu, mbona miti inakimbia hivi?" Mwanawe akacheka, akajibu, "Hatukimbii, mama. Gari limetulia." Nikatupa jicho kwenye mshale, nikauona umepita 130. Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Gari lilikuwa limetulia, na miti ilikuwa inakimbia. Kijana akapunguza mwendo. Hakuna chombo ndani ya gari lile kilichomwambia apunguze. Aliambiwa na mama.

Habari iliyozuiwa haifutiki. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha sheria yetu penye makazi ya watu, hupita karibu meta 14 katika sekunde moja, kabla dereva hajaweka hata mguu kwenye breki. Kwa kilometa 100 hupita meta 28. Na kishindo chake hakiongezeki mara mbili tu bali mara nne, na breki nazo huhitaji umbali mara nne ili kulisimamisha. Hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu viti ni laini. Mtoto anayevuka barabara kwenda dukani hapati faida yoyote kwa ule utulivu wa ndani.

Mambo haya hayahusu mwendo peke yake. Baada ya Uhuru, watu wa Afrika Mashariki waliwapa wakubwa wapya jina la Wabenzi, kana kwamba ni kabila jingine lililohamia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kuwa na nyumba za kupangisha. Gari halikutajwa katika masharti hayo. Hata hivyo watu hawakuwaita wakubwa kwa hisa zao wala kwa nyumba zao, bali kwa gari lao. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu hisa hazionekani, na nyumba imesimama mahali pamoja, lakini gari hupita mbele za watu vioo vikiwa vimefungwa. Aliye nje akipungiwa vumbi anatambua kwamba sauti yake haiingii mle ndani.

Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na biashara huria ikatuletea magari yaliyotumika Japani. Leo mwalimu, au mfanyabiashara wa mahindi, anaweza kumiliki starehe ambayo zamani ilikuwa ya waziri. Hilo ni jambo jema. Lakini pamoja na kiti cha waziri tumerithi pia kioo cha waziri.

Hapa atatokea mtu aseme, "Basi starehe ni dhambi, turudi kwenye mikweche." La. Nani aliyemsindikiza mgonjwa hospitali ya Peramiho katika gari bovu, akamsikia akiugua kila penye shimo, atakayesema kwamba shokapu nzuri ni anasa? Starehe inaweza kuwa huruma. Mzee mwenye kiuno kibovu anastahili kiti chema, na mama mjamzito anastahili gari lisilomrusha. Si uadilifu kuteseka bila sababu.

Mwingine atasema, "Gari ni chuma tu. Mwenye kosa ni dereva." Ni kweli, chuma hakina dhambi. Lakini chuma humfundisha mtu mazoea, na mazoea humwumba mtu. Aliyezoea kutosikia ndani ya gari hujikuta hasikii akiwa barazani pia. Huona anayetembea kwa miguu kama kizuizi, na bodaboda kama inzi, akasahau kwamba mwaka juzi naye alikuwa akipanda bodaboda hizohizo kwenda sokoni.

Kwa hiyo nasema hivi: kadiri gari linavyotupunguzia habari, ndivyo wajibu wetu wa kuzitafuta unavyoongezeka. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kelele za mkweche haina budi kufanywa na dhamiri. Mwenye gari zuri anadaiwa uangalifu mkubwa kuliko mwenye gari bovu, kama vile mwenye nguvu anavyodaiwa upole kuliko mnyonge.

Basi tukiulizwa gari hili likoje, tusitoe ushahidi wa dereva peke yake, maana yeye ndiye aliyefichwa mambo mengi kuliko wote. Tumwulize abiria wa nyuma kama alisafiri kwa amani au kwa kushikilia kiti. Tumwulize mama muuza ndizi kando ya barabara kama gari lile lilimwona, au lilimwachia vumbi na maji ya tope. Tumwulize na fundi wa gereji, ambaye huzisoma breki na matairi na kujua mwenye gari anaishije na wenzake. Wakilisifu hao watatu, gari ni zuri, hata kama rangi imechujuka na kiyoyozi kimekufa. Wasipolisifu, silinda sita zitakuwa zimemfikisha mwenyewe tu.